Hadidiski ya laptopu ya zamani kwenye desktopu: uifunge ndani, uivishe kesi ya USB, au uifanye ndio ya Windows?

Laptopu ikifa, mara nyingi kilichokufa ni kioo, mfumo wa chaji au mazabodi, hadidiski yenyewe unakuta nzima na mafaili yote yamo, picha za watoto, vyeti vilivyoskaniwa, hesabu za biashara za miaka. Halafu mtu anaitupa kwenye droo au anamwachia fundi kama skrepa. Hii inaniuma kila nikiiona, maana diski hiyo bado ina kazi ya kufanya na desktopu yoyote ya kawaida inaipokea, hata hizi za ofisi zilizotumika, Dell OptiPlex na HP Compaq, zinazouzwa Kariakoo.

Njia ziko tatu. Ya kwanza unaifunga ndani ya desktopu iwe diski ya pili, ya kuhifadhia vitu tu. Ya pili unaivisha kesi ya USB unaitumia kama diski ya nje. Ya tatu unaifanya ndio diski kuu, Windows iwake kutoka humo. Msimamo wangu nausema mapema ili usome ukijua naelekea wapi: mbili za kwanza zote ni nzuri, inategemea kazi yako, ya tatu siipendekezi kwa mtu yeyote mwenye uwezo wa kununua SSD, yaani diski ya chipu isiyo na kinachozunguka, hata ile ndogo kabisa.

Kwanza jua umeshika nini

Diski ya laptopu ni ya inchi 2.5 na ya desktopu ni ya inchi 3.5, hapo ndipo watu wanapoogopa wakidhani haziingiliani. Kama ni SATA, aina ya plagi ya diski iliyozoeleka, plagi ni zile zile kabisa, ya data ina pini 7 na ya umeme ina pini 15, waya uliokuwa unaingia kwenye diski kubwa unaingia kwenye hiyo ndogo bila adapta yoyote. Na umeme wake ni mdogo zaidi, diski ya laptopu inatumia volti 5 peke yake wakati ile kubwa inataka na volti 12, kwahiyo pawa saplai ya desktopu haitahangaika hata kidogo.

Ukiitoa ukaona mdomo wake haufanani na SATA usikate tamaa haraka. Laptopu nyingi huwa zimepachika kipande kidogo cha plastiki mdomoni mwa diski, kinachounganisha diski na mazabodi, kivute taratibu kikiwa sawasawa pande zote mbili kitatoka na SATA utaiona chini yake. Ukiona pini nyembamba zimesimama mistari miwili, hiyo ni IDE ya pini 44, ya laptopu za zamani sana, inahitaji adapta ya kwenda pini 40 za desktopu na desktopu yenyewe iwe ya zama hizo, kwahiyo kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye adapta ya USB, utoe mafaili yako na uipumzishe. Na kama laptopu ni ya karibuni ukakuta kibao chembamba cha M.2, hiyo ni habari nyingine na kesi zake ni nyingine, kuna za SATA na kuna za NVMe, uliza kabla hujalipa. Zile laptopu ndogo za bei ya chini zenye hifadhi ya eMMC, hiyo imechomelewa kwenye mazabodi, hamna cha kutoa.

Afya ndio inayoamua, sio ukubwa

Hapa ndio nataka utulie. Kabla hujaamua njia yoyote chomeka diski kwa namna yoyote inayopatikana kisha fungua CrystalDiskInfo, ni programu ya bure, inasoma kumbukumbu ambazo diski inajiandikia yenyewe. Watu wanaangalia lile neno la rangi ya bluu linalosema nzuri wanafunga. Shuka chini kwenye mistari. Mstari wa 05 unahesabu sekta (vipande vidogo vya diski vinavyotunza data) zilizokufa zikahamishwa, mstari wa C5 unahesabu sekta ambazo diski inashindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanyeje, C6 ni zile zilizoshindikana. Namba ya upande wa kulia kwenye hiyo mitatu inatakiwa iwe sifuri. Mara nyingi namba zinatoka kwa mtindo wa heksadesimali, ule unaochanganya namba na herufi A mpaka F, unaweza kubadili kwenye mipangilio usome namba za kawaida.

Ukikuta 05 ina namba ndogo na haipandi wiki hadi wiki, hiyo diski itumie kwa vitu ambavyo vikipotea hulii, muvi, miziki, nakala za programu. Ukikuta C5 inapanda, usiifomati ukidhani unaitibu, chukua mafaili yako leo hii, yale ya muhimu kwanza, na baada ya hapo isipewe kazi nyingine. C7 ikipanda yenyewe sio diski, mara nyingi ni waya wa data mbovu au umelegea, badilisha waya kabla hujailaumu diski.

Kuna mstari mwingine ambao kwa diski za laptopu una maana kubwa, C1, unahesabu ni mara ngapi vichwa vya kusomea vimeenda kuegeshwa pembeni. Diski za laptopu zimetengenezwa zikitarajia kubebwa na kuangushwa, na kutunza betri, kwahiyo zikikaa sekunde chache bila kazi zinaegesha vichwa, ukifungua faili vinarudi. Ndani ya desktopu inayowaka kutwa, na Windows inayogusa gusa diski kila mara, hesabu inakimbia. Nyingi zimetengenezewa mizunguko kama 300,000 mpaka 600,000, ukikuta yako ishafika laki nne sio kwamba itakufa kesho, ila usiipe kazi ya kuwaka masaa 24. CrystalDiskInfo ina sehemu ya APM, inayosimamia jinsi diski inavyobana umeme, kwenye mipangilio ya juu, ukipandisha ile namba mpaka mwisho diski nyingi zinaacha hiyo tabia, na kwa Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, kuna programu ya hdparm inafanya kazi hiyo hiyo.

Ndani ya desktopu dhidi ya kesi ya USB

Hizi ndio njia mbili zinazogombana kweli, kwahiyo nazilinganisha kwa marefu.

Kwa spidi, watu wanadhani ndani lazima iwe haraka zaidi, na jibu ni kwamba inategemea poti yako ya USB. Diski ya laptopu ya mizunguko 5400 kwa dakika inasoma kwenye megabaiti 80 mpaka 120 kwa sekunde hivi ikiwa na afya. SATA ya kizazi chochote inabeba hiyo bila shida, hata SATA ya kwanza kabisa inapitisha kama 150. USB 3.0 pia inabeba na chenji inabaki. Inayokwama ni USB 2.0, kwa uhalisia inatoa kama 30 mpaka 40 tu. Chukua mafaili ya GB 100, ndani ya mashine kwa spidi ya 90 unamaliza kwa dakika kama 19, kwenye USB 2.0 kwa spidi ya 35 unasubiri karibu dakika 48. Kwahiyo kama desktopu yako ni OptiPlex 780 au 790, hizo hazikuja na USB 3.0, funga ndani. Kama ni 7010 ya 2012 kuja juu unaziona poti za bluu, hapo spidi sio tena sababu ya kuchagua.

Kwa gharama, kesi ya USB unanunua kitu kimoja na umemaliza, skrubu mbili au hamna kabisa. Ndani unahitaji waya wa data wa SATA, nafasi kwenye mazabodi, plagi ya umeme iliyo wazi, na kishikio cha kupandisha 2.5 ikae kwenye nafasi ya 3.5. Kwenye mashine kubwa ya tawa vyote vipo. Kwenye zile nyembamba za ofisi unaweza kukuta plagi ya umeme ya ziada hamna, au nafasi ya diski ni moja na tayari imekaliwa. Mtu atakwambia chomoa DVD utumie waya zake, ni sawa kwa DVD nene ya kawaida, ila ile DVD nyembamba ya mtindo wa laptopu plagi yake ya umeme ina pini 6 sio 15, haitaingia kwenye diski bila adapta. Na ukilazimika kununua waya wa kugawa umeme kutoka plagi ya zamani ya pini 4 kwenda SATA, epuka zile ambazo kichwa chake cha plastiki kimemwagwa kikawa kitu kimoja na waya, zina historia ya kupiga shoti ndani na kuungua, chukua zile ambazo kichwa kina kifuniko cha kufungua nyuma na waya zimebanwa moja moja.

Halafu kuifunga. Naona mafundi wanaiacha diski inaning'inia na waya zake ndani ya kasha, au wanailaza juu ya chuma cha kasha. SSD unaweza kuifanyia hivyo kwa sababu haina kinachozunguka, hadidiski hapana. Upande wa chini wa diski nyingi bodi yake iko wazi, ikigusa chuma inapiga shoti, na sahani zikiwa zinazunguka mtu akapiga teke kasha vichwa vinaweza kugusa sahani. Kishikio ni kipande cha bati na bei yake ni ndogo, kinunue. Skrubu zake ni M3 nyembamba fupi, sio zile nene za diski kubwa, ukilazimisha ile nene unaharibu uzi wa tundu na ukitumia ndefu kupita kiasi unaweza kufika usipotakiwa kufika.

Kwa kesi ya USB, tatizo lake kubwa ni umeme, na hili limezika diski nyingi ambazo hazikuwa na ugonjwa. Hadidiski ikianza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea nzima kwa muda mfupi, wakati poti ya USB 2.0 kwa kanuni inatoa milliampea 500 na USB 3.0 inatoa 900. Ukichomeka poti ya mbele ya kasha, ambayo inapita kwenye waya mwembamba mrefu, diski inalia tik, tik, inanyamaza, inalia tena, Windows inatoa ile sauti ya kifaa kuingia na kutoka, na unaambiwa imekufa. Kabla hujaamini hamishia poti ya nyuma iliyoko moja kwa moja kwenye mazabodi, tumia waya mfupi, au waya wenye vichwa viwili vya USB unavyochomeka vyote. Ikiendelea kulia tik tik hapo ndio uanze kuwa na wasiwasi. Angalia pia unene, diski za zamani nyingi ni milimita 9.5 na mpya ni 7, kuna kesi nyembamba ambazo 9.5 haifungiki.

Ila kesi ina faida ambayo ndani hauipati kamwe: inachomoka. Diski ya ndani umeme ukileta balaa inaungua pamoja na mashine, kirusi cha kufunga mafaili kikiingia kinafunga na za kwenye diski ya pili, mwizi akibeba kasha kabeba na nakala zako. Diski ya kesi unanakili, unachomoa, unaweka kabatini au kwa ndugu. Kwa nakala za akiba hii peke yake inatosha kuchagua kesi, hata kama spidi ni ndogo.

Na kwa matumizi ya kila saa, yaani mafaili unayoyafungua na kuyahifadhi kutwa, ndani ndio penyewe, maana waya wa USB unaguswa, unalegea, mtoto anavuta, na kukatika katikati ya kuandika ndio kunakoharibu mpangilio wa mafaili.

Kwanini siipendi iwe diski ya Windows

Kwenye kunakili faili moja kubwa hadidiski inajitahidi. Windows ikiwaka haisomi faili moja kubwa, inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na hadidiski ya 5400 kila kipande lazima kichwa kihame na sahani izunguke mpaka kifike, inafanya kama operesheni mia kwa sekunde au pungufu. SSD ya SATA hata ile ya bei ya chini inafanya maelfu kwa maelfu. Ndio ile hali ya diski kusoma asilimia 100 kwenye Task Manager na wewe hujafungua kitu. Mashine ya Core i5 ya 2012 yenye SSD ya GB 240 inafanya kazi za ofisi vizuri, mashine hiyo hiyo ikiwaka kutoka diski ya laptopu inakufanya uamini kompyuta nzima ni mbovu, na watu wanaishia kununua RAM ambayo haikuwa shida.

Kuna wanaotaka kuichomeka tu na Windows yake ile ile ya kwenye laptopu iendelee. Windows 10 mara nyingi inakubali, inasumbua kidogo ikitafuta draiva kisha inawaka. Windows 7 mara nyingi inagoma na kioo cha bluu chenye namba 0x0000007B, maana haijui njia ya kufikia diski kwenye mazabodi mpya, wakati mwingine kubadili mtindo wa diski kati ya AHCI na IDE kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi yenyewe, kunasaidia. Kuna pia diski iliyopangwa kwa UEFI, mfumo mpya uliochukua nafasi ya BIOS, kukataa kuwaka kwenye mashine ya zamani ya BIOS. Na leseni ile iliyokuja na laptopu imefungwa kwenye mazabodi ya laptopu, kwahiyo hata ikiwaka itadai uamilishe upya. Ukumbuke pia Windows 10 imeacha kupewa msaada wa kawaida tangu tarehe 14 Oktoba 2025, na hizi desktopu za kizazi cha 3 cha Intel, kama hiyo i5 ya 2012, Windows 11 haizitambui rasmi, kwahiyo kama unaanza upya kabisa Linux Mint ifikirie kwa uzito.

Kama huna jinsi na hiyo diski ndio pekee uliyonayo, itumie, ila fanya usakinishaji mpya badala ya kubeba Windows ya laptopu, na mafaili yako uyanakili pengine kwanza.

Kuyapata mafaili ya ndani

Iwe ndani iwe kesi, hili linafanana. Ukichomeka ikakwambia diski haijaandaliwa na inakuomba ubonyeze Initialize, usibonyeze kama mafaili unayataka, hapo inakaribia kuandika ukurasa mpya juu ya ule wa zamani. Ikiwa haionekani kwenye This PC (ile My Computer ya zamani) bonyeza Windows na R uandike diskmgmt.msc, mara nyingi ipo ila haina herufi kama D au E, ipe herufi inatokea. Folda la mtumiaji likikataa kufunguka kwa kudai huna ruhusa, bonyeza kuendelea ukiwa na akaunti ya msimamizi, itachukua muda kubadilisha umiliki kisha inafunguka.

Ikiomba ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows la diski, wenye tarakimu 48, huo hauna njia ya mkato. Laptopu nyingi za Windows 10 na 11 zilizofunguliwa kwa akaunti ya Microsoft zinajifunga zenyewe bila mwenye nazo kujua, na ufunguo unakuwa kwenye akaunti hiyo hiyo mtandaoni. Ingia uutafute. Ndio maana kama laptopu bado inawaka hata kwa kioo cha nje, zima BitLocker ukiwa humo kabla hujatoa diski, na laptopu yenyewe uizime kabisa kwa kushikilia Shift ukibonyeza kuzima, la sivyo Fast startup, ule uwashaji wa haraka wa Windows, inaiacha diski nusu usingizini na Linux itaifungua kwa kusoma tu.

Ukiifunga ndani na ina Windows yake ya zamani, desktopu inaweza kuchagua kuwaka kutoka humo badala ya ile yako. Kwenye Dell bonyeza F12 wakati inawaka, kwenye HP ni F9, uchague, kisha ukarekebishe mpangilio kwenye BIOS moja kwa moja.

Umeme

Diski hii ilizoea kuwa na betri. Umeme ulikatika laptopu iliendelea na haikujua. Kwenye desktopu umeme ukienda inakatwa katikati ya kuandika, kila mara, na kwa maeneo yanayokatika mara kwa mara hilo ndilo linaloiua haraka kuliko umri. Kama utaifunga ndani na huna UPS, nenda kwenye sifa za diski kwenye Device Manager uzime ile ruhusa ya kuhifadhi maandishi kwenye kumbukumbu ya muda, spidi itashuka kidogo ila hasara ya umeme kukatika inapungua. Diski ya kesi unaichomoa ukimaliza, haina cha kupoteza.

Kwahiyo nani achukue ipi

Mwenye steshenari, mashine inawaka asubuhi mpaka usiku, flashi za wateja zinaingia na kutoka na virusi vyake: SSD ndogo kwa Windows, diski ya laptopu kwenye kesi ya USB kwa nakala za kazi za wateja, inachomekwa jioni kunakili tu kisha inatoka. Usiifunge ndani hapo.

Mwanafunzi au familia nyumbani, muvi, picha, vitabu: ifunge ndani kama diski ya pili, ukubwa wa GB 500 unatosha sana, na picha ambazo huwezi kuzipata tena ziwe na nakala sehemu nyingine.

Mwenye studio ya video za harusi ajihadhari na diski za laptopu za TB 1 kwenda juu, hasa nyembamba za milimita 7, nyingi zinaandika kwa mtindo wa SMR, mistari ya data imelaliana kama vigae vya paa, ukizimwagia mafaili makubwa mfululizo zinaanza vizuri kisha zinashuka spidi vibaya sana. Kwa kutunza kazi iliyokwisha ni sawa, kwa kuhariri juu yake utateseka. Na ya kuiweka kwenye DVR ya kamera iandike usiku na mchana, sishauri.

Anayetaka kuigawa au kuiuza naye asifanye ile fomati ya haraka, hiyo inafuta orodha tu na mafaili yanarudishwa kirahisi na programu za bure. Toa alama kwenye Quick Format, iache ifomati yote taratibu, kwa GB 500 ni kazi ya saa moja na nusu mpaka mbili, au fungua diskpart, programu ya Windows ya kuandika amri za diski, andika list disk, hakikisha kwa ukubwa kwamba unachagua diski sahihi na sio ya Windows yako, kisha select disk na namba yake, kisha clean all.